Bakuli la Maziwa na Mshahara wa Maalim



Ndugu yangu Muislamu, wewe uliyefunga na unayasoma haya ukingoja adhana ya Magharibi, nataka tuzungumze juu ya mtu unayemjua sana: maalim wako wa chuoni. Yule aliyekufundisha alifu, be, te mpaka ukahitimu juzuu ya kwanza. Je, umewahi kujiuliza anakula nini?

Jawabu tunalo karibu: "Mwenyezi Mungu atamruzuku." Ni kweli, hakuna wa kubisha. Lakini hebu tutazame huwa anaruzuku vipi, maana hapo ndipo tunapoteleza.

Pale Madina, katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), waliishi watu walioitwa Ahlu Suffa. Hawakuwa na mali wala jamaa wa kuwalisha. Mmoja wao alikuwa Abu Hureira (R.A.). Katika Sahihi Bukhari anasimulia mwenyewe kuwa njaa ilimpata hata akajifunga jiwe tumboni. Siku moja akaketi njiani. Akapita Abubakar, akamuuliza aya, si kwamba haijui, alitaka akaribishwe tu. Abubakar akapita. Akaja Umar, naye vilevile. Kisha akaja Mtume (S.A.W.), akamtazama, akatabasamu, akaifahamu hali yake. Akaenda naye nyumbani, wakakuta bakuli la maziwa. Abu Hureira akadhani ameshapata, kumbe anaambiwa akawaite wenzake wote wa Suffa! Wallahi ungekuwa wewe ungenuna, na yeye pia moyoni ilimuuma. Wakaja, wakanywa wote wakashiba, kisha naye akaambiwa kunywa, kunywa, mpaka akasema hapana tena pa kupitia.

Sisi huitaja baraka ya maziwa yale na kuishia hapo. Sasa rudi nyuma kidogo. Mtume (S.A.W.) aliuliza maziwa yametoka wapi, akaambiwa ni hadia kutoka kwa fulani. Basi, fulani! Hata jina lake hatukuletewa. Muujiza ni wa Allah, lakini bakuli lilitoka nyumba ya mtu.

Ndio maana nasema tawakkul ni ya maalim, si yako wewe kumtawakkalia. Imam Tirmidhi amepokea habari ya ndugu wawili, mmoja akifanya kazi na mwingine akishinda kwa Mtume (S.A.W.) kujifunza. Yule wa kazi aliposhtaki, aliambiwa huenda yeye ndiye anayeruzukiwa kwa sababu ya ndugu yake. Fikiria hilo siku biashara yako inapokwenda vizuri.

Wako wanaosema kuchukua ujira kwa Qur'ani haifai. Maulamaa wamekhitalifiana kweli, lakini sisi wa pwani wengi wetu ni Shafii, na madhehebu yetu yanaruhusu. Tena wasemao hivyo utawakuta wanamlipa mwalimu wa tuisheni ya hesabu bila kuchelewa hata siku moja, na karo ya chuoni inangoja miezi mitatu. Kredo ya simu haingoji.

Abubakar (R.A.) alipokuwa khalifa mwaka wa 11 Hijria, alionekana asubuhi amebeba nguo kwenda kuuza sokoni. Umar na Abu Ubeida hawakumwambia "Allah atakuruzuku, nenda kahukumu." Walimkatia posho kutoka Baitul Mali, chakula na nguo, ili apate nafasi ya kazi ya umma. Na huyo ni mbora wa umma huu baada ya Mtume wake.

Basi leo baada ya tarawehe, mwendee mweka hazina wa kamati yenu. Muulize kwa adabu: maalim alilipwa lini mara ya mwisho? Kama msikiti una maduka ya wakfu, kodi yake inafika wapi? Akikujibu kuwa hakuna pesa, muulize zinapungua ngapi, kisha kaa na vijana wenzako mgawane. Maalim mwenyewe usimuulize, atakwambia alhamdulillahi tu.

Wabillahi tawfiq.