Ayubu Baada ya Sura ya Kwanza



Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Baadaye hata jina hilo likawa halitajwi msibani. Marehemu alizikwa migombani karibu na nyumba, kwaya ikaimba, na wasifu ukasomwa: “aliugua kwa muda mrefu.” Mwenye kujua alijua, na hakuna aliyeuliza. Matanga yalipoanuliwa, watoto walibaki na bibi yao, na swali likabaki nao.

Watoto wale leo ni wazazi, wengine wana wajukuu. Hawakukosa watu wa kuwazika wazazi wao. Walikosa ruhusa ya kuwalilia kwa ukweli, kwa sababu palikuwa na wahubiri na majirani waliokwisha kuamua kwamba ugonjwa ule ni adhabu. Huzuni iliyochanganyika na aibu haipungui kwa kupita miaka. Je, imani ya Kikristo ina faraja gani kwa mtu wa namna hiyo?

Makaburini tunapenda kumtaja Ayubu, yule wa sura ya kwanza, aliyepoteza kila kitu akalisifu jina la Bwana. Tunafunga kitabu hapo. Lakini katika sura ya 3 Ayubu analaani siku aliyozaliwa, kisha analalamika kwa sura nyingi, akimtaka Mungu mwenyewe ajibu. Marafiki zake walianza vizuri: walikaa naye chini siku saba, kimya. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, maana kila mmoja alitafuta kosa la mfiwa.

Wapo watakaosema kwamba kulalamika hivyo ni kukufuru. Lakini katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wale marafiki waliojifanya kumtetea, na anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Kwa hiyo anayemwuliza Mungu kwa uchungu hajatoka katika imani, bado anasali.

Injili ya Yohana, sura ya 11, inakwenda njia hiyohiyo. Yesu anafika Bethania Lazaro akiwa kaburini siku nne. Martha anamwambia kwamba angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa. Mariamu, dada yake, naye anarudia lawama hiyohiyo. Yesu hawakemei. Anaomba aonyeshwe kaburi, na analia, ingawa anajua atakalolitenda. Mkristo anangoja ufufuo, lakini tumaini hilo halikumkataza hata Bwana wake kulia kwanza.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, tunapohubiri msibani, tumsome Ayubu wa sura ya 3 pia, ili mfiwa asikie kwamba maneno yake yamo katika Maandiko. Pili, jumuiya zetu ziwatembelee waliofiwa zamani. Tarehe 2 Novemba, wengi wanapowaombea marehemu, ni siku nzuri ya kuanzia. Anayekwenda asibebe maelezo wala kudai siri ya mtu. Amtaje marehemu kwa jina, amwombe mwenyeji asimulie alivyokuwa enzi za uhai wake, kisha asikilize. Aliyefiwa mwaka 1987 akiwa mtoto bado anastahili kupewa pole.