Mzee na Mchezo Wake

Mazungumzo yangu ya leo ni ya wazee hasa, walakini kijana naye na atege sikio, kwa kuwa uzee ni mgeni asiyebisha hodi, na aliyejitayarisha kumpokea hupata taabu kidogo kuliko aliyeshtukizwa naye.

Iko methali mnayoijua nyote: Samaki mkunje angali mbichi. Waliotuachia methali hii walikusudia malezi ya watoto, na kwa habari ya malezi ni kweli tupu. Lakini watu wengi wameichukua wakaipeleka mahali isipokusudiwa. Mtu akiisha kuota mvi, akiambiwa, "Njoo ujifunze jambo hili," hujibu, "Mimi samaki mkavu, sikunjiki tena." Hilo ndilo nitakalo kulipinga leo. Nasema kwamba mzee akipata jambo jipya la kumfurahisha, jambo lisilo na mshahara wala lazima, na akakubali kuwa mwanafunzi wa jambo hilo, akili yake hukunjika bado. Na aghalabu kinachomzuia si mifupa yake, bali ni heshima yake.

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Katika Tanzania na Kenya, mtumishi wa serikali kwa kawaida hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Kwa miaka thelathini au zaidi amekuwa akiamshwa na kazi: ana saa ya kufika, ana meza yake, ana watu wanaomwuliza, "Mzee, jambo hili tulifanyeje?" Kisha siku moja anapewa mkono wa kwaheri, anarudi nyumbani. Mwezi wa kwanza ni raha. Mwezi wa pili ni kimya. Ufikapo mwezi wa sita, mkewe amechoka kumwona akizunguka uani akikosoa jinsi kuni zilivyopangwa. Habari alizo nazo ni zile zile za mwaka jana, na wajukuu wamekwisha kuzijua kwa moyo. Hapo ndipo mtu anapoanza kusinyaa, si kwa njaa wala kwa maradhi, ila kwa kukosa jambo la kungojea kesho.

Sisemi kwamba kupumzika ni vibaya. Aliyefanya kazi ana haki ya kupumzika. Lakini kupumzika ni jambo moja, na kukaa bila cho chote cha kuuliza ni jambo jingine. Mtazameni mtoto. Hucheza mchana kutwa, wala hatusemi kwamba anapoteza wakati, kwa kuwa twajua kwamba katika mchezo ule ndimo anamojifunza maji yanakopita na udongo unavyoshikana. Mtoto hucheza kwa sababu mbili: apenda, na ataka kujua. Sababu hizo mbili hazina umri.

Nitawatolea mfano wa bibi mmoja wa Uingereza, jina lake Mary Delany, aliyezaliwa mwaka wa 1700. Mwaka wa 1768 alifiwa na mume wake wa pili, akabaki mjane. Alipokuwa na miaka 72 hivi, aliona kwamba kipande cha karatasi nyekundu kimefanana rangi na ua lililokuwa karibu naye. Akatwaa mkasi, akaikata ile karatasi kwa umbo la ua, jani kwa jani, akaibandika juu ya karatasi nyeusi. Yasimuliwa kwamba rafiki yake alipoingia chumbani alidhani ni ua la kweli. Basi tangu siku hizo Bibi Delany hakuacha. Alileta maua, akayafungua kuona yalivyoundwa, akayahesabu mashina na vikonyo, kisha akayakata kwa karatasi za rangi; ua moja huweza kuwa na mamia ya vipande. Kwa muda wa miaka kumi alifanya picha karibu 1,000. Aliacha mwaka wa 1782 macho yalipomshinda, akafariki mwaka wa 1788. Picha zake zimehifadhiwa katika British Museum, mjini London, na wanaojua mimea huzitazama kwa mshangao. Tena kazi ile hakufundishwa na mtu. Aliianza kwa mchezo.

Labda mtu atasema, "Huyo alikuwa bibi wa cheo, mwenye nafasi na watumishi." Vema, na tuje kwetu. Serikali ya Kenya ilipoondoa ada katika shule za msingi mwaka wa 2003, mzee mmoja aliyeitwa Kimani Maruge alisikia kwamba mlango umefunguliwa. Mwaka wa 2004 alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret. Umri wake ulihesabiwa kuwa miaka 84. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kujua hesabu ya fedha zake. Alivaa sare ya shule, kaptula na soksi ndefu, akakaa dawatini pamoja na watoto waliolingana na vitukuu. Walikuwako waliomcheka, walikuwako na waliosema kwamba anamnyang'anya mtoto nafasi. Yeye aliendelea. Mwaka wa 2005 alisafiri mpaka New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka wa 2007 zilipomtoa kwake, alikaa katika hema ya waliohamishwa, na hata hapo hakuacha masomo. Alifariki mwaka wa 2009, angali mwanafunzi. Mzee yule hakuwa na mali wala watumishi. Alikuwa na hamu ya kujua, na ujasiri wa kuvaa kaptula.

Je, mambo haya ni ya watu wa ajabu tu? Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas, Marekani, Bibi Denise Park na wenzake waliwakusanya watu 221 wenye umri wa miaka 60 mpaka 90, na habari zao zilitangazwa mwaka wa 2014. Wengine walifundishwa kupiga picha kwa kamera za kisasa na kuzitengeneza kwa kompyuta. Wengine walifundishwa kushona mifarishi ya viraka. Wengine walifundishwa yote mawili. Kundi jingine lilikutana kwa mazungumzo, matembezi na burudani, bila kujifunza jambo gumu lo lote. Walifanya hivyo kadiri ya saa 15 kila juma, kwa miezi mitatu. Mwisho walipopimwa, walioonyesha maendeleo zaidi katika kukumbuka mambo walikuwa wale waliojifunza jambo jipya lenye ugumu wake. Mazungumzo peke yake, ijapokuwa ni matamu, hayakufika hapo.

Ndugu wasikilizaji, lishikeni neno hilo: jambo jipya lenye ugumu wake. Mzee anayerudia kila siku lile alilolijua tangu ujana amejistarehesha, nalo si baya. Lakini anayejitia katika jambo asilolijua, akakosea, akarekebishwa, akajaribu tena, huyo ndiye aliyeiamsha akili yake.

Hapa ndipo heshima inapoingia kati. Katika nchi zetu mzee ni mtu wa kuulizwa, si wa kuuliza. Ataonaje haya kufundishwa na mjukuu? Wenzake watasema nini barazani? Nami namjibu kwa methali nyingine: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Heshima ya mzee haikujengwa juu ya kujua kila kitu. Hakuna ajuaye kila kitu. Imejengwa juu ya uaminifu wake, subira yake na maneno yake. Mzee akimwambia mjukuu, "Nionyeshe, sijui," hapungukiwi na hata moja la hayo. Na yule mtoto, badala ya kumdharau, humkaribia.

Tuchukue mfano ulio mlangoni petu, nao ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo yake 16 na kete zake 32. Mwanzo wa mchezo huweka kete sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata. Zilizobaki, yaani 22, hunamua nazo moja moja. Zikiisha ndipo mchezo unapoingia katika mtaji. Atakayemaliziwa kete zote za safu ya mbele, au asiyekuwa na kete za kucheza, amefungwa. Ukilitazama kwa mbali wadhani ni kokwa za komwe zinazozungushwa tu. Ukikaa ukajifunza waona kwamba kila kete uliyoinamua yakulazimisha kuhesabu mbele, yako na ya mwenzio. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alipenda kucheza bao. Naye ndiye aliyeacha urais mwaka wa 1985, kisha uzeeni akazitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka wa 1996. Mshairi yule hakulazimishwa na mtu kuhesabu mizani usiku.

Basi mzee ambaye hakuwahi kulijua bao, na aanze na bao la kujifunza, ambalo kete zote huwekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo. Hana haja ya kununua ubao. Mashimo huchimbwa hata mchangani. Atafungwa na watoto, tena mara nyingi. Na afungwe, acheke nao, aombe mchezo mwingine. Na yule ambaye ni bingwa wa bao tangu ujana, namshauri asikae juu ya ubingwa wake tu; na atafute jambo lingine ambalo ndani yake yeye ndiye wa mwisho.

Mwaka wa 2003 palitangazwa uchunguzi mwingine uliofanywa New York, kwa watu 469 waliopita miaka 75. Ilionekana kwamba waliozoea kusoma, kucheza michezo ya ubao, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walipatwa kwa uchache na ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni. Lakini tuseme kweli yote: uchunguzi wa namna hiyo hauonyeshi kwa yakini kwamba mchezo ndio uliowakinga. Yamkini baadhi ya waliougua walikuwa wameiacha michezo kwa sababu akili zao zilikwisha kuanza kudhoofika. Kwa hiyo nisikuuzieni mchezo kama dawa. Mchezo hauondoi shinikizo la damu, hauleti pensheni iliyochelewa, wala haurudishi waliokwisha kututangulia. Faida yake ya yakini ni ndogo na ya kila siku: waamka na jambo la kuendelea nalo.

Wengine watasema, "Mimi sipendi michezo ya kukaa." Haya, watazameni ndege. Mbayuwayu watokao Ulaya hutufikia kadiri ya mwezi wa Septemba na Oktoba, na huondoka tena kadiri ya Machi na Aprili. Nunua daftari moja na kalamu. Andika siku uliyomwona wa kwanza, na siku uliyomkosa wa mwisho. Andika na siku mvua ilipoanza, na siku upepo wa kusi ulipogeuka. Mwaka wa kwanza ni orodha tu. Mwaka wa tatu utaanza kujiuliza maswali, na mjukuu anayesoma shule atakuja kuomba daftari lako.

Na mama zetu je? Najua bibi wengi hawakustaafu kamwe. Wanalea wajukuu, wanapika, wanalima. Kumwambia bibi huyo "cheza" bila kumpunguzia mzigo ni dhihaka. Kwa hiyo neno hili nawaambia watoto wake: mpeni mama saa moja kwa siku iliyo yake, isiyo ya mtu mwingine. Hapo akitaka kujifunza ususi mpya wa ukili, si wa kuuza ila wa kupendeza macho yake, au kuimba, au kusoma, au kukusanya vitawandili asivyovijua kwa majirani, na afanye, wala asiulizwe faida.

Namalizia kwa mashauri machache. Chagua jambo unalolipenda, si lile wanalolipenda wenzako. Liwe gumu kidogo kuliko uwezo wako wa leo. Mtafute mwalimu, hata akiwa mtoto wa darasa la nne. Usitangulize fedha, kwa maana mchezo ukigeuka biashara utakuwa na bosi tena. Na ukishindwa siku ya kwanza, kumbuka ya kuwa kujikwaa si kuanguka.

Nanyi vijana, mkimwona mzee wenu amechukua mkasi, au daftari, au amechimba mashimo mchangani, msimwambie, "Babu, umerudi utotoni." Kaeni mbele yake, mwambieni, "Haya babu, anza wewe."

Kwaherini, wazee wangu.