Kodi ya Mbele: Nani Anaikarabati Nyumba ya Ngamiani?



Katika barabara za namba za Ngamiani, Tanga, nyumba ya kupangisha tunaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani. Nyingi zimebaki mikononi mwa familia kwa sababu ya unyonge wake. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971 ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Ghorofa za mjini zikaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba ya udongo na boriti za mikoko haikumtamanisha mtu. Leo ndiyo mtaji wa warithi.

Wapo wanaowashauri warithi hao wafuate mtindo wa Marekani: karabati, pangisha, ithaminishe upya, kopa juu ya thamani mpya, nunua ya pili. Kule mtu hukopa kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika. Hapa tupige hesabu, kwa namba za kukisia. Vyumba 6 kwa shilingi 50,000 kwa mwezi ni 3,600,000 kwa mwaka, endapo hakuna kilicholala kitupu. Asilimia 10 ni ya mamlaka ya mapato, TRA, zinabaki 3,240,000. Mkopo wa milioni 20 kwa asilimia 16 unadai riba ya 3,200,000 kwa mwaka, deni lenyewe bado halijaguswa. Mkononi una 40,000. Mpangaji mmoja akihama na chumba kikalala kitupu mwezi mmoja, kodi inayopotea ni 50,000.

Na hapo nimechukulia kwamba hati ipo. Benki inataka hati na sahihi za warithi wote; shangazi yuko Pangani na hataki kusikia neno rehani, mjomba yuko Muscat na hapokei simu.

Hata hivyo nyumba zinakarabatiwa, kwa kodi ya mbele. Mpangaji hulipa miezi 6 au mwaka kwa mkupuo, mwenye nyumba akabadili mabati, akapiga plasta, akavuta maji. Mpangaji akiwa fundi, anamwaga sakafu mwenyewe na wanakatana kwenye kodi. Huo ni mkopo, na mwenye nyumba halipi riba. Anayeilipa ni mpangaji, mama lishe aliyekopa kwenye kikoba ili apate hiyo miezi 6. Uchumi wetu wa makazi hauandiki deni hilo popote, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote mtaani.

Tangu sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ifutwe mwaka 2005, mapatano haya yameachiwa mwenye nyumba, mpangaji na dalali wao. Napendekeza jambo dogo: mkataba utaje kodi ya mbele kuwa deni, utaje na kazi itakayofanywa, ushuhudiwe na mwenyekiti wa mtaa. Masika ikiingia na bati bado linavuja, kodi ya chumba hicho ipungue.