Kugeuza Ramani za Kontua kwa Kompyuta: Makosa na Marekebisho Yake

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bombambili, Songea)



Chama kinachotaka kuchimba makingamaji katika mashamba ya mteremko hakina budi kujua maji yatapita wapi. Makingamaji yaliyofuata mstari wenye kosa hukusanya mvua mahali pamoja na kuifungulia juu ya shamba la chini.

Habari za mteremko zimo katika ramani za zamani za 1:50,000. Karatasi hupitishwa katika skana, kisha kompyuta huamriwa kuifuata kila kontua na kuifanya mstari wenye kimo chake, yaani vekta. Hapo ndipo taabu huanza.

Skana haioni kilima. Huona vitone vya rangi tu. Kwa vitone 300 katika inchi moja, kila kitone ni kama mita 4 za ardhi. Kontua ya kahawia ikipitiwa na mto au barabara, au ikiandikwa tarakimu ya kimo, mstari hukatika. Penye mwinuko mkali, kama katika milima ya Matogoro, kontua mbili hugusana na programu huzifanya moja. Picha ya JPEG huzidisha ubaya, kwani hutia ukungu kando ya kila mstari, yafaa TIFF. Kahawia itengwe kwanza, mstari ukondeshwe hadi unene wa kitone kimoja, ndipo ufuatwe. Programu ya QGIS, isiyolipiwa, yatosha. Kuunga vipande ni kazi ya jicho na mkono, na anayeahidi kwamba mashine itaimaliza peke yake bado hajaifanya.

Kimo nacho hutiwa na mtu. Zipo karatasi zenye kontua za kila futi 50, yaani mita 15.24, na zipo za kila mita 20. Pambizo ya kila karatasi isomwe, hata kama jirani yake imekwisha kusomwa.

Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Ramani hizo zilifuata msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, hali GPS na simu hufuata WGS 84. Kompyuta isipoelezwa hivyo, ramani yote husogea kadiri ya mita 300: kontua safi kabisa, lakini katika shamba la mtu mwingine. Tena, Bombambili na mji wote wa Songea zimo katika kanda ya 36 ya UTM. Namtumbo, iliyo mashariki ya nyuzi 36, imo katika kanda ya 37.

Kazi ikiisha, mito ifuatwe, kuanzia Ruvuma wenyewe unaochimbuka Matogoro. Kimo kikipanda mahali maji yanaposhuka, kontua fulani imepewa kimo kisicho chake. Kontua mbili zikikatana, kipande kimeungwa vibaya. Kisha ramani ipelekwe shambani, asimame nayo kando ya kijito mwanachama aliyelima hapo miaka mingi, kabla ya mtu yeyote kupiga jembe.