Msingoje Mgonjwa Atapike

Wazazi, mmelipa ada kwa jasho na leo mnaliona joho. Sasa niruhusuni niseme na hawa wauguzi wapya.

Nimefanya kazi miaka mingi katika wodi za saratani, na kuna agizo moja kwenye mafaili linaloniudhi hadi leo: "Akitapika, apewe ondansetroni." Akitapika! Sisplatini, dawa ya saratani, kwa dozi kamili na bila kinga, huwatapisha zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Tunangoja nini? Mgonjwa aliyeteseka mzunguko wa kwanza anaweza kuanza kutapika akiliona tu geti la hospitali, na hapo ondansetroni haimfai kitu.

Kinga hutangulia dripu: ondansetroni, deksamethasoni, aprepitanti ikipatikana, na olanzapini. Msiitilie shaka olanzapini eti mliisoma kwenye magonjwa ya akili. Ni ya bei nafuu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba ikiongezwa kwenye hizo nyingine, kichefuchefu hupungua. Inaleta usingizi, kwa hiyo mtahadharisheni mgonjwa mapema, hasa mzee.

Ondansetroni hufanya kazi vizuri saa 24 za mwanzo, kwa kuwa huzuia serotonini inayomwagwa na utumbo. Baadaye ubongo huchokozwa na dutu P, na kichefuchefu cha sisplatini hupamba moto siku ya pili na ya tatu. Siku hizo mama wa watu yuko kwake Singida, na faili letu linasema "ameruhusiwa, hali nzuri."

Ndiyo maana siachi kusema juu ya bahasha ya dawa. "1x2" haitoshi! Andikeni siku: Jumanne asubuhi baada ya chai, Jumatano, Alhamisi. Mwelezeni na binti anayemuuguza, kwamba harufu ya vitunguu vikikaangwa inaweza kumtibua tumbo mama yake. Tangawizi anywe akipenda, ila vidonge asiache.

Akirudi mzunguko wa pili, msimuulize tu kama alitapika. Muulizeni siku ya tatu alikula nini. Wapo wasiotapika hata mara moja lakini wanashinda na kichefuchefu, uji haupiti, na wengine huamua kimyakimya kutorudi tena. Akiwaambia hakula, mfuateni daktari dawa zibadilishwe kabla dripu haijafunguliwa.