Kwa Nini Nasoma Kriminolojia Mtandaoni



Wazee wangu, kina mama, vijana wenzangu. Wengi mmeniomba niyaandike niliyoyasema Jumamosi kwenye kikao cha vijana, maana rekodi haikushika sauti vizuri. Haya basi, nayaweka hapa. Nimepunguza kidogo tu.

Naanza na swali la mama mmoja wa mtaani kwetu. Aliposikia nasomea mambo ya uhalifu na haki ya jinai, alinivuta kando akaniuliza pole pole: "Mwanangu, kwani wataka kuwa askari?" Sikumkasirikia. Kwetu Pwani likitajwa neno uhalifu, wengi twafikiria gari usiku, mlango kuvunjwa, na kijana ambaye hajulikani alipelekwa wapi. Kwa hivyo mtu akisema anasomea mambo hayo, ni haki aulizwe yuko upande gani.

Nitajibu kwa kisa.

Miaka michache iliyopita, kijana wa jirani yetu alikamatwa siku ya Ijumaa jioni. Kufikia Maghrib tulikuwa kama watu ishirini nje ya kituo. Jumamosi usiku tukaanza kelele: "Masaa 24 yamekwisha, mwachilieni!" Mimi ndiye niliyekuwa mbele, na diploma yangu ya maendeleo ya jamii. Askari wa zamu akatusikiliza mpaka tukachoka, kisha akasema: "Nendeni mkasome Katiba yote, si nusu."

Wallahi iliniuma, kwa sababu kwa hilo alikuwa sawa. Kifungu cha 49 chasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, si zaidi ya masaa 24. Lakini kinaendelea. Kama masaa hayo yanaishia nje ya saa za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, basi afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Yaani ukikamatwa Ijumaa jioni, hesabu yaweza kufika mpaka Jumatatu. Nguvu zetu zote tulizimaliza kwenye hoja ambayo haikuwa na miguu.

Na yale tuliyokuwa na haki ya kuyauliza, hakuna aliyeyauliza. Amekamatwa kwa sababu gani, na ameelezwa kwa lugha anayoielewa? Ameandikwa kwenye OB, na namba yake ni ipi? Afisa anayepeleleza ni nani? Amepewa nafasi ya kuzungumza na wakili? Anaweza kupewa dhamana pale pale kituoni? Watu ishirini, simu ishirini, na hakuna hata mmoja aliyeandika kitu.

Jumapili tukaambiwa hayuko hapo tena. Tukaenda kituo kingine, hayuko. Mamake alikaa chini kwenye vumbi, hakulia, alikuwa anatazama lango tu. Baadaye ndio nilikuja kusoma kwamba haki ya kuiomba Mahakama Kuu iamuru aliyeshikiliwa aletwe mbele yake ni miongoni mwa haki ambazo Kifungu cha 25 kinasema haziwezi kupunguzwa hata kidogo. Siku ile wakili angetuuliza, "Mna namba gani, mna jina la nani?" tusingekuwa na jibu.

Alhamdulillah, kijana alipatikana akiwa hai na akaachiliwa bila kushtakiwa. Lakini mwenye pikipiki alikuwa ameshampa mtu mwingine, na mtaani tayari ana jina. Mpaka leo kukitokea jambo, watu wanamwangalia yeye.

Kisa hicho ndicho kilichonipeleka darasani. Darasa lenyewe ni simu, sasa ni laptopu ya kuazima, usiku mtoto akishalala. Niko mwaka wa pili.

Nimejifunza nini? Nitawapa mambo matatu.

La kwanza. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu anaweza kujulikana kwa maumbile yake: taya, masikio, umbo la kichwa. Wasomi waliokuja baadaye waliipima nadharia hiyo wakaiona haina msingi. Niliposoma hapo nikasimamisha masomo kidogo. Kijana wetu anasimamishwa njiani kwa sababu ya ndevu na kanzu. Kumbe fikra iliyokataliwa darasani bado inatembea barabarani.

La pili. Mwaka 1963 Howard Becker wa Marekani aliandika kwamba ukimbandika mtu jina la mhalifu, jina lenyewe linaanza kumfungia milango na kumsukuma kwa wale wengine waliobandikwa. Nikamkumbuka kijana wa jirani. Na hapa tusiwaachie polisi peke yao. Nani alimnyima pikipiki? Sisi.

La tatu. Tom Tyler alifanya utafiti na wakaazi wa Chicago, akatoa kitabu mwaka 1990. Aliona kwamba watu wanatii sheria zaidi wanapoamini mamlaka inawatendea kwa haki, kuliko kwa kuogopa adhabu tu. Hii ni hoja ya kupeleka kwenye baraza, mbele ya kamanda, bila kumtukana mtu. Mkitunyanyasa, mnajiharibia kazi yenu wenyewe: hakuna atakayewaletea habari.

Sasa upande ambao hatupendi kuusema. Masomo haya yamenilazimisha kuwaangalia pia walioumizwa na wenzetu. Vijana wa mapanga wanaovamia maduka ni watoto wetu, na anayekatwa ni mtoto wetu. Binti akidhulumiwa nyumbani, wazee wakalimaliza sebuleni kwa soda na biskuti, hiyo nayo ni haki iliyozikwa. Fomu ya P3 haikujazwa, nguo zimefuliwa, ushahidi umekwenda. Hatuwezi kudai haki kituoni tukaificha majumbani.

Kwa wanaotaka kusoma, nitasema ukweli bila kuupaka sukari.

Digrii hii haikufanyi wakili. Uwakili unataka digrii ya sheria na baadaye Kenya School of Law. Wala haina ahadi ya kazi. Inaweza kukufungulia njia ya kuomba kazi kwenye idara ya probeshini, magereza, upelelezi wa ulaghai kwenye mabenki, IPOA, au mashirika ya haki, lakini utashindana na wengine.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kama chuo ni cha nje, uliza mapema utaratibu wa cheti kutambuliwa hapa Kenya. Usimlipe wakala anayekuandikia WhatsApp. Ukiwa na diploma, uliza kama baadhi ya masomo yako yatahesabiwa. Mtu akikuahidi digrii kwa miezi mitatu, huyo mwenyewe ni somo la kriminolojia.

Kusoma mtandaoni kunataka nidhamu. Hakuna mwalimu wa kukufuata. Bando likiisha siku ya mwisho ya kupeleka kazi, hiyo ni shida yako. Mimi hupakua masomo yote ya wiki mara moja, nikasoma bila intaneti. Na usinakili kazi ya mtu. Unasomea haki, utaanzaje na wizi?

Lakini kuna kitu skrini haiwezi kukupa, na hicho kiko hapa mjini bure. Kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani. Nenda mahakamani asubuhi, zima simu, keti nyuma, sikiliza. Utaona mtu akikubali kosa ambalo hakulielewa. Utaona kesi ikianguka kwa sababu shahidi hakuja. Hukumu nazo ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, soma moja kila wiki. Mimi nimejifunza kwenye benchi lile la mbao mambo ambayo video haikunionyesha.

Mwisho, ombi langu. Si kila mtu ataweza kulipa karo, na si lazima. Lakini nataka kila mtaa uwe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, wanaojua Kifungu cha 49 mpaka mwisho. Wawe na daftari. Mtu akikamatwa wao waende kwanza, waandike: saa, mahali, jina la afisa, namba ya OB, sababu iliyotolewa. Kisha wampigie wakili. Wengine tubaki na mama yake.

Na yule mama aliyeniuliza kama nataka kuwa askari, nilimjibu: "La, mama. Nataka siku nyingine tukisimama pale langoni, tuwe na la kuuliza." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mwambie na mjukuu wangu. Amekaa tu na simu."

Jumamosi ijayo baada ya Alasiri tuko hapa hapa. Njooni na daftari.