Jaza Fomu kwa Jina Lako: Mazungumzo na Wanafunzi Wanaoomba Kazi ya Kwanza



Ndugu zangu na dada zangu, najua wengine wenu mko kidato cha nne, wengine mko chuo, na wengine mnangoja matokeo huku mama anauliza kila asubuhi, "Sasa wewe mpango wako ni upi?" Sitawachosha na hotuba ya uchumi. Ukosefu wa ajira tutaujadili siku yake. Leo nataka tuzungumze karatasi. Fomu ya kuomba kazi.

Kwa nini fomu? Tuseme zimetangazwa nafasi nne na maombi yamekuja mia mbili. Yule anayezifungua zile bahasha hakujui, wala bado hatafuti aliye bora. Anatafuta sababu ya kupunguza rundo. Na sisi mara nyingi tunampa sababu hiyo bure kabisa, tena kwa mwandiko mzuri.

Tuanze na jina, manake hapa ndipo watu wetu wanaumia sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed Ali Omar. Cheti cha KCSE kinasema Muhammad Ally. Kitambulisho kinasema Mohammed Omar Ali. Kwa mama yako huyo ni mtoto mmoja. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi kamili. Dada zetu vilevile: Fatma hospitalini, Fatuma shuleni, na nyumbani anaitwa jina jingine kabisa. Si kosa lako. Karani alisikia hivi, mwalimu akaandika vile, na wewe ulikuwa na miaka saba. Lakini kulitengeneza ni juu yako, na wakati wake si siku ya usaili.

Usiku wa leo toa vile vyeti vyote, viweke mkekani pamoja, usome herufi kwa herufi. Kwenye fomu utaandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, mpangilio ule ule. Kama tofauti ni ndogo, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo akuandikie hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, kisha nakala yake uiambatanishe. Kama tofauti ni kubwa, jina zima limebadilika, hapo kuna utaratibu wa kisheria wa kubadilisha jina na unachukua muda. Anza sasa, usingoje tangazo la kazi.

Na kuna jambo jingine kuhusu majina. Kuna vijana wanashauriwa, tena na watu wanaowapenda, "Hilo Abdi litoe, andika la kati tu, utapita." Usifanye. Kwanza jina halitalingana na vyeti na utatupwa nje kwa sababu hiyo. Pili, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa dini, kabila, lugha na jinsia dhidi ya mfanyakazi, na pia dhidi ya mtu anayeomba kazi. Yaani sheria inakulinda hata kabla hujaajiriwa. Katiba nayo, kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake, na kifungu cha 27 kinataja hata mavazi. Kwa hivyo dada, kama ofisi inakuambia picha ya fomu upige bila hijabu na uso wako wote unaonekana, waombe waandike sharti hilo kwa maandishi. Mara nyingi kalamu hukataa kuandika kile mdomo ulichosema.

Ambaye umetimiza miaka 18 na huna kitambulisho, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote. Bila namba ya kitambulisho hupati PIN ya KRA, na fomu nyingi zinataka zote mbili. Februari 2025 Rais alitia sahihi tangazo la kuondoa ule uchujaji wa ziada uliokuwa ukiwakwamisha vijana wa kaunti za mpakani. Ukikuta afisa bado anakudai karatasi za babu, andika tarehe, ofisi na alichokuambia, utuletee.

Sasa tufike pale penye mstari unaotisha kuliko yote: uzoefu wa kazi.

Wanafunzi wengi wanaandika "Hakuna" na kupita. Nimeona fomu ya msichana aliyeandika hivyo, na huyo huyo kwa miaka miwili ndiye anayesomesha watoto wadogo madrasa, anaita majina, anapokea ada, anaandika kwenye daftari, na maalim akisafiri ndiye anayefungua na kufunga. Hiyo ni hakuna gani? Mtu akimpa duka ataliendesha.

Andika hivi: Msaidizi wa mwalimu, jina la madrasa, mtaa, Januari 2023 hadi sasa, Jumamosi na Jumapili. Halafu chini yake kazi zenyewe: kufundisha kusoma kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, kuweka daftari la mahudhurio, kupokea ada na kutoa risiti. Basi. Hakuna maneno makubwa hapo.

Na wewe kijana unayemsaidia ami yako dukani baada ya shule. Unauza, unapokea malipo ya simu, unafunga hesabu jioni, unajua mali gani imebaki mbili na lazima iagizwe kesho. Hiyo ni kazi, hata kama malipo yako yalikuwa viatu vya Idi. Aliyegawa vyakula vya futari mtaani mwezi mzima, akawa na orodha ya nyumba na hakuna nyumba iliyorukwa, huyo amesimamia ugavi. Aliyekuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi amebeba pesa za watu zikafika. Aliyefanya atachimenti ya miezi mitatu aandike idara aliyokaa na alichofanya kwa mikono yake. "Nilijifunza mambo mengi" haimwambii mtu kitu.

Lakini usizidishe. Msaidizi ni msaidizi, usijiite meneja. Tarehe ziwe za kweli, manake huyo ami atapigiwa simu na atajibu akiwa katikati ya wateja, bila kukuuliza ulisema nini. Mkikaa maskani mtasikia, "Kila mtu anadanganya kidogo." Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti ulikuta vyeti bandia zaidi ya 2,000 katika taasisi za umma. Wale walikuwa wameshaajiriwa, wana mshahara, wengine wana familia. Na kule chini ya fomu kuna tamko unatia sahihi kwamba uliyoandika ni kweli. Hiyo sahihi inaweza kutumika dhidi yako miaka kumi baadaye.

Kuna swali moja nataka tulisome polepole. Fomu ya PSC 2, ile inayotumika serikalini na kaunti nyingi pia zinaitumia, inauliza kama umewahi kupatikana na hatia ya jinai. Vijana wetu wakifika hapo mkono unatetemeka. "Mimi nilishikwa ile misako, nikalala kituoni siku mbili. Niandike nini?"

Soma neno lenyewe. Kupatikana na hatia ni kazi ya mahakama. Kukamatwa si hatia. Kulala kituoni si hatia. Hata kushtakiwa, kama kesi iliondolewa au uliachiliwa huru, si hatia. Aprili 2014, wakati wa ile operesheni ya Usalama Watch, watu wengi walizolewa Eastleigh wakawekwa uwanja wa Kasarani, na wengi wakaachiliwa bila shtaka lolote. Mtu wa aina hiyo akiulizwa kama ana hatia, jibu la kweli ni "La". Akiandika "Ndiyo" kwa hofu, anajishuhudia uongo mwenyewe. Ila swali likiwa limeuliza kukamatwa au kushtakiwa, hapo jibu kilichoulizwa na ueleze kesi iliishaje. Na kama kweli ulihukumiwa, hata faini ndogo, usifiche. Njoo tuketi na wakili kwanza tuone uandike vipi.

Mambo ya pesa nitapita haraka. Cheti cha tabia njema kinazidi shilingi 1,000. Ukiongeza nauli, saiba na nakala, mwanafunzi anakata tamaa kabla hajaomba. Jueni kwamba Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri anatakiwa akuombe vyeti vya uhakiki vya serikali pale anapokusudia kukupa mkataba, si mwanzoni kwa kila anayeomba. Matangazo mengi bado yanavidai mwanzoni. Wewe omba, ambatanisha ulivyo navyo, na kwenye barua useme vingine utavileta ukipewa nafasi. Wapo watakaokuacha nje hata hivyo, na hao ndio tunaotaka kuwajua.

Ujumbe ukija kwamba jina lako limepita, tuma 1,500 ya kufungua faili, hiyo si kazi. Hata kama aliyetuma anakuita ndugu katika imani. Hasa huyo.

Swali la kabila lijibu. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ukiacha wazi, hakuna atakayejua kama sisi tuliomba. Swali la mshahara unaotaka usiandike "chochote". Kuna kima cha chini cha serikali kwa kila aina ya kazi, na cha Mombasa kiko juu kuliko cha mji mdogo. Uliza kabla hujaandika. Mahali pasipokuhusu andika N/A, usiache tupu.

Wadhamini watatu: mwalimu wako, maalim au imamu anayekujua kwa kazi, na mtu uliyemfanyia kazi. Waombe ruhusa kwanza na hakikisha namba zao zinapatikana. Mheshimiwa asiyekukumbuka hakusaidii, wallahi, hata kama mlipiga picha pamoja.

Fomu za mazoezi ziko pale mlangoni. Kila mtu achukue mbili, moja ni ya kuharibu. Kalamu iwe nyeusi, herufi kubwa, na vitambulisho mviweke mezani mbele yenu. Mimi na wenzangu tutapita safu kwa safu. Ambaye majina yake hayalingani ainue mkono sasa hivi, huyo tutaanza naye.